Msalaba Mweupe Juu ya Bati la Kijani: Uchambuzi wa Jerikeni Tano za Bombo

Jerikeni tano zilitolewa kwenye banda la nyuma la nyumba moja ya Bombo, mji wa Wanubi ulioko kaskazini mwa Kampala kwenye njia ya Gulu, ambako askari wa Keya, yaani King's African Rifles, waliwahi kuwa na kambi enzi za ukoloni. Marehemu baba wa mwenye nyumba alikuwa Keya, na vyombo hivyo vilikaa bandani kwa miongo kadhaa chini ya mabati mabovu na spea za Land Rover. Vilipofikishwa kwenye karakana ya Katwe, Kampala, maswali yalikuwa mawili. Je, ni vya jeshi lipi na vya mwaka gani, maana kuna mtu alikuwa tayari kununua kimoja kwa bei ya juu? Na je, kipo kinachofaa kuwekewa maji ya kunywa siku ya dua ya marehemu?

Kilichobishaniwa zaidi kilikuwa na msalaba mkubwa mweupe ubavuni.

"Hii ya msalaba ni ya Wajerumani, ya maji. Mnunuzi mwenyewe kaniambia," alisema hajati, mwenye nyumba.

"Inawezekana, hajati. Lakini rangi hupakwa na yeyote mwenye brashi. Hebu tuigeuze kwanza tuone bati linasema nini," alijibu fundi.

Mnunuzi hakulitoa hewani. Ni kweli kwamba jeshi la Ujerumani liliweka msalaba mweupe kwenye jerikeni za maji ili askari asije akajaza petroli kwenye chombo cha kunywea. Kosa lake lilikuwa kuanza na rangi. Chombo cha jeshi husomwa kwa mpangilio: kwanza herufi zilizobonyezwa kwenye bati, kisha mishono, kisha mdomo na kifuniko, kisha ujazo, na rangi huja mwisho kabisa. Herufi zilibonyezwa kiwandani bati likiwa bado halijaunganishwa, kwa hiyo haziwezi kubadilishwa bila kuacha kovu. Kifuniko hubadilishwa kwa dakika moja. Rangi hubadilishwa kila msimu.

Chombo cha kwanza: chenye msalaba

Umbo lake lilikuwa lile lile la asili, ambalo mhandisi Vinzenz Grünvogel wa kampuni ya Müller huko Schwelm alilibuni mwaka 1937. Linajulikana kwa nusu mbili za bati lililobonyezwa, zilizochomelewa pamoja kama bodi ya gari, na mshono wake umezama ndani ya mfereji ili usigongwe. Juu kuna mikono mitatu: mtu mmoja hushika ya katikati, wawili hubeba kwa ya pembeni, na madumu matupu mawili huchukuliwa kwa mkono mmoja. Mbavuni kuna mikunjo ya X inayolipa bati nguvu na nafasi ya kupanuka. Kifuniko hufungwa kwa wenzo, hakina nyuzi za kuzungusha. Ndani ya shingo kuna kijibomba cha hewa, ndiyo maana mafuta hutoka kwa mkondo mmoja badala ya kwikwi. Chini ya mikono kumeachwa uvimbe wa hewa, kwa hiyo hata likijazwa hadi mdomoni bado lina pa kupumulia.

Umbo hilo pekee halithibitishi kwamba chombo ni cha Mjerumani. Waingereza waliyaona madumu haya kwa kuyateka, hasa katika vita vya jangwa la Afrika Kaskazini, wakayapenda kuliko yao, wakayanakili karibu bila kubadilisha kitu. Chombo chao cha awali kilikuwa bati jembamba la galoni 4 lililofungwa mawili mawili kwenye sanduku la mbao, na kilivuja vibaya kiasi kwamba Jenerali Auchinleck, kamanda wa Waingereza katika vita hivyo, alikadiria karibu asilimia 30 ya petroli ilikuwa ikipotea kati ya bohari na mtumiaji. Msomaji wa Kiswahili anakijua chombo cha namna hiyo bila kuambiwa: bati la galoni 4 ndilo debe, lile lile linalopimia mahindi sokoni na kufumuliwa likaezekea jiko.

Kwa hiyo cha kutafuta ni maandishi. Dumu la petroli la Wehrmacht, yaani jeshi la Ujerumani la wakati wa vita, hubonyezwa maneno *Kraftstoff 20 L* (mafuta ya injini, lita 20) na *Feuergefährlich* (hushika moto), pamoja na mwaka na alama ya kiwanda. La maji hubonyezwa *Wasser* (maji). Ubavu wa chombo cha Bombo ulikuwa umejaa rangi nene hata herufi hazionekani. Hapa wengi hukimbilia brashi ya waya, na hapo ndipo ushahidi hufia. Kilichofanyika ni hiki: karatasi nyembamba iliwekwa juu ya bati, ikasuguliwa taratibu kwa ubapa wa penseli laini, kama watoto wanavyochora sarafu. Zikajitokeza herufi WD, kati yao alama ya mshale wa mistari mitatu unaofanana na unyayo wa kuku, na chini yake 1952.

Unyayo huo wa kuku ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na WD ni Idara ya Vita. Mwaka 1952 hakukuwa na Wehrmacht kwa miaka saba. Ubishi ungeweza kuishia hapo, lakini mnunuzi alikuwa na hoja ya akiba: labda bati ni la Mwingereza lakini msalaba uliwekwa na jeshi. Jibu lilitafutwa kwenye tabaka za rangi.

Dirisha la rangi hufunguliwa hivi. Chagua sehemu ndogo ya sentimita 3 kwa 3 pembezoni mwa msalaba, mahali ambapo rangi nyeupe na ya kijani zote zipo. Lowesha msasa namba 400, zungusha kidole palepale bila kuhama, ukipunguza mkazo kadiri unavyotoka katikati. Baada ya dakika chache patatokea miduara, kila mmoja tabaka moja, kama kitunguu kilichokatwa. Katika chombo hiki miduara ilikuwa minne. Chini kabisa rangi ya kwanza nyekundu ya kuzuia kutu. Juu yake kijani kizito chenye kung'aa, ile rangi ya shaba nzito ambayo magari ya jeshi la Uingereza yalipakwa baada ya vita. Ya tatu ilikuwa rangi ya mafuta ya nyumba, kijani cha milango. Msalaba ulikaa juu ya hiyo rangi ya milango. Kwa maneno mengine, msalaba ulipakwa baada ya chombo kutoka jeshini na kukaa uraiani, na haumhusu Mjerumani wala Mwingereza.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu ya enzi hizo mara nyingi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiisugue kikavu, usiichome kwa moto, usiipeperushe kwa kompresa. Sugua ukiwa umelowesha, weka magazeti chini, kusanya tope lake lote na ulifunge kwenye mfuko, na watoto wasikae karibu. Atakayekwambia uongezee moto wa gesi ili rangi ivimbe haraka, mwambie avute huo moshi yeye.

Kwa nini hakikufaa kwa maji

Baada ya utambulisho lilibaki swali la dua. Kilimiminwa maji ya moto lita moja, kifuniko kikafungwa, kikawekwa juani saa moja, kisha kikafunguliwa na kunuswa. Harufu ilikuwa ya petroli ya zamani, ile inayofanana na vanishi. Taa ndogo iliyoingizwa mdomoni ilionyesha utando wa kahawia uliogandamana chini, yaani mabaki ya petroli iliyokauka.

Petroli ya wakati huo ilikuwa na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, kwa hiyo dumu lililotumika kabla ya hapo limekunywa sumu hiyo kwa miaka, na mabaki huingia kwenye kutu na kwenye mishono ambako sabuni haifiki. Hakuna idadi ya miosho inayoligeuza dumu la petroli kuwa la maji ya kunywa. Hajati alielezwa hivyo bila kuzungushwa. Maji ya dua yaliwekwa kwenye jerikeni za njano za plastiki zilizonunuliwa mpya, zile za lita 20 ambazo kila bomba la Uganda linazifahamu.

Chombo cha pili: USMC

Hiki kilikuwa kizito zaidi kukitazama kuliko kukitambua. Mdomo wake ulikuwa wa kuzungusha, kifuniko kikubwa cha nyuzi kilichoshikizwa kwa mnyororo, na chini palikuwa na mshono uliokunjwa badala ya ule wa kuchomelewa. Hizo mbili peke yake ni Mmarekani. Walipoiga dumu la Kijerumani kwenye kambi ya jeshi lao ya Holabird, Wamarekani walibakiza mikono mitatu, kimo na umbo, wakaondoa mshono uliozama, wenzo na rangi ya ndani. Ujazo nao ukawa galoni 5 za kwao, yaani lita 18.9.

Chini ilisomeka *USMC 20-5-44*. Mwenye nyumba alikuwa ameambiwa kwamba hizo ni herufi za kikosi cha wanamaji wa Marekani. Sivyo. Hapo USMC ni kiwanda cha makontena ya chuma, United States Metal Container, na namba husomwa hivi: bati la geji 20, yaani unene wa karibu milimita 0.9, galoni 5, mwaka 1944. Kosa hili limefanya madumu mengi yauzwe kwa bei ya wanamaji. Herufi G ubavuni ni petroli (*gasoline*). La maji huwa na W (*water*) na mdomo mpana.

Ujazo ulihakikishwa kwa mizani ya sokoni, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Chombo kilipimwa kitupu, kikajazwa hadi shingoni, kikapimwa tena. Tofauti kati ya dumu la Kimarekani na la Kiingereza ni zaidi ya kilo moja, na hata mizani ya muuza viazi huiona. Ni kipimo kizuri pale herufi zimeliwa na kutu.

Vingine vitatu, kwa ufupi

La tatu lilikuwa bati la galoni 2, lita 9 hivi, lenye kifuniko cha shaba ya njano. Kifuniko kilikuwa na jina la kampuni ya mafuta na bati lilikuwa na unyayo wa kuku. Hakuna ajabu. Vifuniko hivi vina nyuzi zinazooana, vilibadilishana mabati kila vituo vilipojazwa, na jina la kifuniko halithibitishi chochote kuhusu bati. La nne lilikuwa debe lenye tundu kubwa chini. Liliachwa lilivyo, likapanguswa mafuta tu. La tano lilidaiwa kuwa la vita pia, lakini karibu na shingo palibonyezwa *UN 3A1*, alama ya kimataifa ya vyombo vya chuma vya kusafirishia mizigo ya hatari. Lenye alama hiyo ni la kisasa, hata likipigwa kutu ya makusudi kwa maji ya chumvi. Na lilikuwa limepigwa.

Kuliamsha dumu la 1952

Kazi yenyewe ilikuwa hapa. Dumu lilikuwa na kutu ndani, matundu mawili ya ncha ya sindano karibu na kona ya chini, wenzo uliokaza, na gasketi iliyogeuka jiwe.

Kwanza mvuke. Dumu tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, kiasi ambacho vijiko vichache vya mabaki vinatosha kukifikisha, na ule utando wa kahawia hutoa mvuke upya unapopata joto. Kwa hiyo "nimeliacha wazi mwaka mzima" si jibu. Lilioshwa mara tatu kwa maji ya moto lita 10 yenye gramu 250 za magadi ya kufulia, kila mara likitikiswa na kulazwa pande zote kwa nusu saa, kisha likasuuzwa na kuachwa wazi juani siku mbili, mdomo ukiangalia chini kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutoka kwa kumwagika. Wapo wanaopuliza moshi wa bomba la gari ndani wakiamini unaua mvuke. Moshi huo hauna kipimo, na huweza kubeba cheche.

Kisha kutu. Njia ya umeme hufanya kazi safi: maji yenye kijiko kimoja kikubwa cha magadi kwa kila lita 4, chaja ya betri ya volti 12, dumu kwenye waya hasi, na nondo ya chuma cha kawaida ikining'inia kupitia mdomoni kwenye waya chanya bila kugusa bati. Ukikosea waya, dumu ndilo litakaloliwa. Usitumie chumvi, itatoa klorini; usitumie chuma kisichoshika kutu kama nondo, kitatoa kromiamu yenye sumu. Haidrojeni hutoka mdomoni, kwa hiyo kazi iwe nje, mbali na sigara na jiko. Tatizo la dumu la wenzo ni kwamba mdomo ni mdogo na umekaa kona, na nondo iliyonyooka husafisha upande mmoja tu. Umeme nao ulikuwa ukikatika.

Ikachaguliwa molasi. Uganda haikosi molasi: viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vinaitoa, na wafugaji huinunua kulisha ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, dumu likajazwa hadi shingoni, likakaa kivulini siku 14. Molasi hushika kutu na kuliacha bati safi, tofauti na asidi kali ambayo haina subira na hula vyote viwili. Hasara yake ni harufu, nzi, na gesi: kwenye joto letu huchachuka. Kifuniko kisifungwe kamwe, kiwekewe kitambaa tu. Aliye na haraka atumie asidi ya sitriki, kilo moja kwa lita 20, saa 12 hadi 24, akikagua kila saa chache.

Siku ya saba lilimwagwa nusu na kuingizwa mnyororo mwembamba wa mita 2, likatikiswa dakika 20 upande kwa upande. Mnyororo una faida juu ya kokoto na nati kwa sababu unautoa wote kwa kuvuta ncha moja. Kokoto hukwama nyuma ya kijibomba cha hewa, na utazisikia zikigongagonga humo hadi kiyama. Ncha ya mnyororo ifungwe nje kwa waya, na mikono isiwe na haraka, maana ukinasa kijibomba na ukivuta kwa nguvu, utakivunja, na dumu litakuwa la kwikwi milele.

Hatari kubwa zaidi ya hatua hii huja baada ya kumwaga. Bati safi lenye unyevu hushika kutu ya ghafla ndani ya dakika chache, rangi ya chungwa, kana kwamba hukufanya kitu. Maji ya suuza ya mwisho yawe na magadi kidogo, gramu 50 kwa lita 5, kisha mimina nusu lita ya spiriti, zungusha ili ifukuze maji yaliyojificha kwenye mshono, imwage, acha mvuke wake utoke wote, kisha ndipo ukaushe kwa hewa ya moto ya mashine ya nywele. Mwisho paka ndani mafuta mepesi ya injini, kikombe kimoja kinatosha.

Matundu mawili

Mafundi wa Katwe wanajua kuchomelea karibu kila kitu, na pendekezo la kwanza lilikuwa kupiga welda. Lilikataliwa. Bati la dumu ni karibu milimita 1 likiwa jipya. Lililoliwa na kutu kuzunguka tundu huwa nusu yake. Moto wa welda hulitoboa, na tundu la sindano hugeuka tundu la sarafu. Risasi ya kulehemu inatosha, kwa kuwa haibebi uzito wowote, inaziba tu.

Eneo la sentimita 2 kuzunguka kila tundu lilisuguliwa hadi ling'ae. Likapakwa ile asidi iliyouliwa kwa zinki ambayo mafundi wa bati huitengeneza wenyewe. Dumu lilijazwa maji hadi chini kidogo ya tundu, upande uliogeuzwa juu, ili nafasi ya mvuke ibaki ndogo kabisa. Chuma cha kulehemu kilipashwa kwenye jiko la mkaa lililokuwa hatua kumi mbali, na ni chuma tu kilichosogezwa. Tatizo pekee lilikuwa maji yale yale: yanavuta joto, na risasi ikikosa joto hukaa juu kama tone la nta bila kushika. Tundu la kwanza lilifanyika mara mbili. Mara ya pili kiwango cha maji kilipunguzwa kwa vidole viwili na risasi ikatambaa vizuri. Asidi isiyooshwa baada ya hapo huendelea kula bati, kwa hiyo palioshwa kwa maji ya magadi.

Kupima uvujaji: pampu ya baiskeli, mipigo michache tu, na povu la sabuni juu ya mishono. Kompresa ya gereji hulivimbisha dumu likawa kama mto wa kulalia, na mikunjo ya X hairudi tena.

Gasketi iliyofeli

Hapa kisa kilijikwaa. Gasketi ya kwanza ilikatwa kutoka kwenye chubu ya tairi, kama inavyofanyika kwenye nusu ya madumu ya nchi hii. Ilikaa vizuri, wenzo ukafunga kwa mlio mzuri. Dumu likajazwa lita 18 za petroli, likapimwa pamoja na bati lake kilo 18, likawekwa kivulini. Siku ya sita kifuniko kilikuwa kinatoa harufu, mizani ilisoma kilo 17.4, na gasketi ilipotolewa ilikuwa imevimba, laini kama ndizi iliyoiva, haiingii tena kwenye kitako chake. Mpira wa chubu hunywa petroli. Si suala la kukata vizuri au vibaya.

Kinachofaa ni mpira wa naitraili, ule ule wa sili za mafuta za injini. Vipande vyake vya unene wa milimita 3 hupatikana kwenye maduka ya spea ya Kiseka; ukikosa karatasi yake, kata kutoka kwenye gasketi kubwa ya mafuta. Kipimo kichukuliwe kwenye kitako cha kifuniko chenyewe, si kwenye gasketi ya zamani iliyokwisha sinyaa. Ikizidi unene, wenzo hautafunga na utaupinda ukilazimisha. Ikipungua, utafunga kirahisi mno. Wenzo wenyewe ulilainishwa kwa mafuta ya kupenya usiku kucha na kugongwa kwa nyundo ya mbao. Pini yake haikutolewa, kwa sababu ncha zake zimepondwa na ukizikata unapoteza kitu cha kiwandani.

Msalaba ubaki au utoke?

Hili lilileta ubishi wa heshima karakanani. Anayerudisha chombo cha jeshi kwenye hali yake angeuondoa msalaba pamoja na ile rangi ya milango. Upande mwingine, msalaba uliwekwa na mtu wa nyumba hiyo kwa sababu yake mwenyewe, na sasa ni sehemu ya maisha ya dumu kama ulivyo mwaka 1952. Hajati aliulizwa. Alijibu kwamba aliyepaka ni mama yake, ili dumu la baba lisichanganywe na la jirani.

Ubavu mmoja ulisuguliwa kwa mkono, msasa 400 kisha 600, daima ukiwa umelowa, hadi kijani cha shaba kikatokea na WD ikasomeka kwa jicho. Kostiki ingeweza kufanya kazi hiyo kwa saa moja, lakini hula rangi zote za mafuta bila kuchagua, ya jeshi na ya mlango. Palipobaki bati tupu pakapakwa rangi ya kwanza na kijani kilicholinganishwa kwa jua la asubuhi, kwa brashi, bila kung'arishwa kupita kiasi. Ubavu wa pili uliachwa na msalaba wake. Kwenye mkono wa katikati kulifungwa kwa waya kibati chenye maneno PETROLI – SI MAJI, kwa kuwa mnunuzi mwingine anaweza kuja na hadithi ile ile.

Dumu lilijazwa tena lita 18, si 20, kwa kuwa petroli iliyojazwa kwa ubaridi wa asubuhi ikapanda nyuzi 25 mchana hupanuka kwa karibu nusu lita. Lilipimwa kilo 18, likaachwa siku saba kivulini, mbali na nyumba. Siku ya saba sindano ya mizani ilisimama palepale. Mnunuzi alipoonyeshwa karatasi ya penseli yenye unyayo wa kuku alishusha bei mara moja, na hajati akarudi Bombo na dumu lake.